Kutoa Nyuzi za Kolajeni kwenye Ngozi ya Mbuzi na Kuzifanya Mkeka wa Kunasa Oili Chafu

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nichemshe ngozi? Naweza kuokota vipande kwa fundi viatu? Bila maabara itawezekana? Majibu mafupi: usichemshe, usiokote, na ndiyo, inawezekana. Majibu marefu ndiyo haya hapa chini, yamepangwa kwa mtu aliye Dodoma, Bahi, Manyoni au Singida mwenye ndoo, kivuli na subira.

Nadharia kidogo tu, maana bila hiyo utaharibu kazi hatua ya tano bila kujua kwa nini. Zaidi ya nusu ya uzito wa ngozi mbichi ni maji. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini ya minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja mithili ya kamba ya katani. Molekuli moja ina urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa nanomita 1.5. Molekuli hizo hujipanga zikawa nyuzi ndogo, nazo nyuzi ndogo hushikamana zikawa nyuzi nene unazoziona ukichana ngozi. Ngozi mbichi yenye maji ikifika nyuzijoto 60 hadi 65, msokoto unafumuka, ngozi inajikunja, kisha inaanza kuwa jelatini, yaani gundi. Ukishapata gundi huwezi kurudi kwenye nyuzi. Mbuzi ameshafanya kazi ya kusokota. Yako ni kuzitenganisha nyuzi bila kuzifumua. Karibu kila kosa nitakalolitaja huku chini linatokana na kusahau jambo hilo.

Na kwa nini mtu ahangaike? Kwa sababu nyuzi hizi hubeba vitu vingine vizuri mno. Mwaka 1957 Fukada na Yasuda, Wajapani, walionyesha kwamba mfupa ukibanwa hutoa umeme kidogo, na baadaye ikaonekana kolajeni ndiyo yenye tabia hiyo. Ndiyo maana leo watu wanatengeneza vihisio vya mwilini kwa nyuzi hizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sichuan, China, wamezipachika madini ya zirkoni ili zinase floridi kwenye maji. Wengine wanazipaka madini ya fedha zizuie mawimbi ya redio. Sisi tutaanza na kitu kinachopimika kwa mizani ya jikoni: mkeka unaokataa maji na kunywa oili.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Ngozi mbichi ya mbuzi, moja. Iwe ya siku hiyohiyo, au iliyotiwa chumvi mara tu baada ya kuchunwa.
- Chokaa ya unga, ile iliyokwisha kuzimwa, gramu 200.
- Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), gramu 100.
- Siki nyeupe ya asilimia 5, lita 1.5.
- Baikaboneti ya sodiamu, ile ya maandazi, pakiti ndogo.
- Spiriti kali ya asilimia 95 au zaidi, lita 4.5. Ya asilimia 70 inayouzwa kwa kusafisha mikono haifai.
- Unga wa magome ya miwati, gramu 25. Miwati hulimwa Njombe. Ulizia kwa wasindikaji wadogo wa ngozi.
- Shabu, gramu 20.
- Sabuni ya mche, gramu 10 zilizokunwa. Sabuni ya unga haifai, nitaeleza sababu.
- Ndoo za plastiki, kisu butu, gogo laini, kipimajoto, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi na alkali), kinu na mchi au blenda, chekeche, wavu wa dirisha, na fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 30.
- Glovu ndefu za mpira, miwani ya kinga, barakoa.
- Maua makavu ya rozela, kiganja kimoja. Ndiyo, choya hiyo ya juisi.

Maji nayo ni kitendea kazi. Maji ya visima vyetu vya Dodoma yana ugumu, na sabuni ndani yake hugeuka utando mweupe. Kwa kuosha ngozi hayana shida. Kwa hatua ya sabuni tafuta maji ya mvua, na kwa kuwa mvua yetu hukatika Aprili au Mei na kurudi kuelekea Desemba, jaza madumu mapema.

Ngozi ipi, na ipi uiache

Nunua ngozi ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa: machinjio ya Kizota, au mnadani Msalato siku ya Jumamosi kwa wachinjaji wenyewe. Usiguse kabisa ngozi ya mnyama aliyekutwa amekufa, hata ukipewa bure. Kimeta kipo nchini, vijidudu vyake hukaa kwenye ngozi kwa miaka, na usitegemee chokaa iviue.

Vipande vya fundi viatu viache. Vingi vimesindikwa kwa kromu, na kromu hiyo haitoki kwa kuosha. Kuna jaribio la haraka: tumbukiza kipande chembamba kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Kikijikunja na kufupika, hakina kromu au kina kidogo. Kikibaki vilevile, ni cha kromu. Wala usikichome, maana katika moto kromu ya kawaida inaweza kugeuka kuwa aina ya sumu inayosababisha saratani.

Hatua kwa hatua

1. Osha na uloweke. Ngozi mbichi ioshe damu na kinyesi, kisha iloweke kwenye maji baridi saa 2 hadi 4. Iliyotiwa chumvi iloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili. Iko tayari inapokuwa laini kila mahali kama ilivyotoka kwa mbuzi, hata shingoni.

2. Tia kwenye chokaa. Pima ngozi ikiwa imechuruzika maji. Chokaa iwe sehemu 10 kwa 100 ya uzito wake, na maji mara tatu au nne ya uzito. Ngozi ya kilo 2 inachukua gramu 200 za chokaa kwenye lita 6 hadi 8. Geuza asubuhi na jioni kwa mti, kwa sababu chokaa hutuama chini. Siku 5 hadi 8 kwa kawaida zinatosha. Juni na Julai, baridi ya usiku ikibana, ongeza. Jaribu kung'oa manyoya kwa vidole, yakitoka bila kuvutwa umefika.

   Kuna watakaokuambia uongeze salfidi ya sodiamu ili uwahi. Kiwandani inatumika, na penye mitambo ya hewa sina neno. Nyumbani nasema hapana. Ikikutana na asidi hata kidogo hutoa gesi inayoua mtu kwa pumzi chache, na huko mbele tutatumia siki.

3. Toa manyoya na ukwangue nyama. Tandaza juu ya gogo, kwangua kwa kisu butu upande wa manyoya, kisha geuza uondoe nyama, mafuta na utando wote wa ndani. Hapa usiwe na haraka. Mafuta yakibaki yanazuia kila kitu kinachofuata kuingia. Kisha kata vipande vya sentimita moja kwa moja. Manyoya yenye chokaa yafukie kwenye shimo la mboji.

4. Toa chokaa. Osha vipande kwa maji yanayobadilishwa mara tatu. Yeyusha SA, gramu 30 kwa kila kilo ya vipande, kwenye lita 2 za maji ya vuguvugu, nyuzijoto 30 na si zaidi ya 35. Tia vipande, koroga kila mara kwa saa moja hadi mbili. Utasikia harufu kali ya amonia ikikuchoma pua, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, upepo ukiwa mgongoni.

   Utajuaje chokaa imeisha? Loweka rozela kwenye maji ya moto kidogo, iache ipoe, kisha kata kipande kinene kabisa cha ngozi na udondoshee hapo palipokatwa. Katikati pakionyesha kijani au bluu, chokaa bado ipo: rudia na SA mpya. Pakiwa zambarau au wekundu, endelea. Wenye maabara hutumia dawa yao ya matone. Rozela ya Dodoma inafanya kazi hiyohiyo.

5. Bafu tatu za siki. Kuanzia hapa fanya na nusu kilo tu ya vipande, vilivyobaki vitie chumvi nyingi uviweke. Nusu kilo itakupa takribani gramu 100 za nyuzi kavu, zinatosha kwa kujifunza. Changanya siki sehemu moja na maji sehemu mbili: nusu lita ya siki, lita moja ya maji. Loweka saa 2, mwaga, rudia mara tatu kwa siki mpya. Siki inatoa madini yaliyobaki.

   Vipande vitavimba na kung'aa mithili ya kioo. Usiogope, lakini usiviache vilale humo, na bafu lisizidi nyuzijoto 25. Mchana wa Dodoma unavuka hapo kwa urahisi karibu mwaka mzima, hivyo anza alfajiri au weka ndoo ndani ya ndoo ya maji baridi.

   Baada ya bafu la tatu, tia vipande kwenye maji safi na unyunyize baikaboneti kidogo kidogo huku ukipima, mpaka pH itulie kwenye 5. Hapo uvimbe hushuka wenyewe na vipande vinarudi kuwa vyeupe visivyopitisha mwanga. Ngozi iliyopita kwenye chokaa hushika maji machache kabisa ikiwa karibu na pH hiyo. Ukiruka kipimo hiki, hatua ya sita itakula spiriti yako yote bure.

6. Toa maji kwa spiriti. Hii ndiyo hatua ambayo watu huikwepa kwa sababu ya gharama, halafu wanaandika kuuliza mbona wamepata ubao. Ngozi mbichi ikikauka kwa hewa peke yake, maji yanapotoka huzivuta nyuzi na kuzigandisha pamoja. Wapiga ngoma ya muheme ya Kigogo hutaka hivyo hasa, ngozi ikaze na ilie; sisi tunataka kinyume chake.

   Kamua vipande, vitie kwenye lita 1.5 za spiriti, funika, acha saa 4 huku ukitikisa. Hamishia kwenye lita 1.5 nyingine, kisha nyingine. Spiriti ya bafu la tatu haijaharibika: ihifadhi iwe bafu la kwanza la kazi ijayo. Ya bafu la kwanza ina maji mengi, hiyo itumie kuoshea ndoo na zana za kazi hii, si vyombo vya chakula. Hakuna jiko la mkaa, sigara wala jenereta karibu, na mvuke wake usiuvute. Spiriti ya viwandani ni sumu ikinywewa, iandike wazi kwenye dumu.

7. Kausha na usage. Anika kivulini penye upepo, juu ya wavu. Hewa kavu ya Dodoma ni neema hapa, vipande huwa tayari ndani ya siku moja. Juani hapana, ingawa wengi wenu mtashawishika. Vipande vilivyotoka vizuri ni vyeupe, vyepesi, na ukivibana vinachanika kwa nyuzi badala ya kuvunjika.

   Twanga kwenye kinu kikavu, au saga kwa blenda kwa sekunde 10 hadi 15, simamisha, gusa. Chombo kikiwa cha moto subiri kipoe. Unachotaka ni sufi fupi, ukiona vumbi umepitiliza. Chekecha, vipande vilivyobaki juu rudisha kinuni.

   Hizi sasa ni nyuzi za kolajeni zenyewe. Ukitaka kujifunza mambo ya vihisio au kupachika madini, hapa ndipo unapoachana na sisi wengine. Weka akiba kwenye chupa iliyofungwa. Wadudu wa ngozi wanazipenda.

8. Miwati. Yeyusha gramu 25 za unga wa miwati kwenye lita 2.5 za maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa, tia gramu 100 za nyuzi. Koroga kwa saa nzima, acha usiku kucha, osha. Tanini iliyo kwenye miwati huzishika nyuzi zisioze na zistahimili joto zaidi. Chombo kisiwe cha chuma, wala kijiko: chuma kikikutana na tanini utapata wino mweusi.

9. Shabu. Gramu 15 kwenye lita 2 za maji. Tia nyuzi, koroga nusu saa, kisha ongeza baikaboneti kwa ncha ya kijiko, ukisubiri povu litulie kila mara, mpaka pH ifike karibu na 4. Maji yakianza kuwa na ukungu mweupe, acha hapo hapo. Subiri saa 3, osha kidogo. Alumini ya shabu imeshika kwenye tanini na kwenye nyuzi, na ndiyo itakayoidaka sabuni.

10. Tengeneza mkeka kabla ya sabuni. Tandika wavu wa dirisha kwenye fremu. Chukua nyuzi zenye uzito kavu wa gramu 50, zivuruge kwenye ndoo ya maji, mimina juu ya wavu kwa mkupuo mmoja ukitikisa fremu zisambae. Funika kwa wavu mwingine, bana kwa ubao na jiwe kwa dakika 10, anika kivulini. Shona nyavu mbili kingo zote. Ukianza na sabuni, nyuzi zitaelea juu ya ndoo na hutatengeneza kitu.

11. Sabuni, kisha shabu nyepesi. Yeyusha gramu 10 za sabuni ya mche kwenye lita 2 za maji ya mvua yenye nyuzijoto 40. Zamisha mkeka uliokauka dakika 10, si zaidi, kwa kuwa sabuni ina alkali na ikikaa inaanza kung'oa tanini. Toa, bana, suuza upesi, kisha uzamishe dakika 5 kwenye shabu gramu 5 kwa lita 2. Mafuta ya sabuni na alumini vinaungana kuwa kitu kinachochukia maji. Shabu hii ya mwisho inamaliza sabuni iliyobaki, ambayo ingeachwa ingefanya kinyume: ingeyaita maji ndani. Sabuni ya unga haina mafuta ya aina hiyo, ndiyo sababu niliikataa. Kausha kabisa.

12. Pima. Dondosha tone la maji. Likikaa duara na kuteleza ukiinamisha mkeka, umefaulu. Dondosha oili, inapaswa kuzama mara moja. Kisha pima mkeka mkavu, uweke kwenye beseni la maji yenye oili juu, utoe, uache uchuruzike dakika 5, upime tena. Andika namba zote mbili na tarehe. Bila namba una hadithi tu.

Utumie wapi, usiutumie wapi

Unafaa kwenye dimbwi la gereji, chini ya jenereta, kwenye shimo la kufanyia sevisi, mahali oili inapoelea juu ya maji yaliyotulia. Kwenye maji machafu ya kuoshea magari yenye sabuni nyingi utakuangusha, kwa sababu oili imeshavunjwa vipande vidogo vilivyochanganyika na maji, na sabuni hiyo inalowesha mkeka wenyewe. Usimwambie mwenye eneo la kuoshea magari vinginevyo ili tu ununuliwe.

Mkeka ukijaa, ukamue oili kwenye dumu la oili chafu, usiuchome jikoni. Maji ya chokaa yamwage mbali na kisima, kwenye shimo.

Na kwa ndugu zangu wa Singida wanaouliza kuhusu floridi: ni kweli nyuzi hizi zikipachikwa madini hunasa floridi, lakini mkeka huu si kichujio cha maji ya kunywa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na alumini inayochuruzika kutoka kwenye kitu ulichotengeneza ndooni huwezi kuiona kwa macho. Bila kupimwa maabara, maji hayo mtoto asinywe.

Mambo yakienda kombo

*Manyoya hayatoki baada ya siku nane.* Chokaa ni ya zamani au ilikuwa wazi ikaisha nguvu kwa hewa. Pima pH, ikiwa chini ya 12, badilisha.

*Ngozi inanuka uozo, si chokaa.* Ilichelewa. Manyoya yanatoka yenyewe na upande wa juu una vishimo. Itupe.

*Vipande vimekuwa uji kwenye siki.* Joto lilizidi, au vililala humo. Havirudi.

*Vimekauka vigumu, vya njano, vinang'aa.* Maji yalibaki. Ama pH haikufika 5, ama spiriti ilikuwa dhaifu. Loweka upya kwenye maji baridi, rekebisha pH, rudia spiriti. Mara nyingi vinaokoka.

*Blenda inatoa vumbi na harufu ya nywele zilizoungua.* Umesaga mno. Vumbi halishikani kuwa mkeka, ingawa kwa majaribio ya kunasa rangi za vitenge kwenye maji linafaa.

*Nyuzi zimekuwa nyeusi.* Chuma. Angalia ndoo yenye mshikio ulioshika kutu, au maji ya kisima chako. Mkeka utafanya kazi, sura tu ndiyo imeharibika.

*Mkeka unakunywa maji.* Kwanza uliza kama umekauka kabisa. Kama umekauka, sabuni ilibaki: rudia shabu nyepesi, suuza, kausha. Bado? Basi maji ya sabuni yalikuwa magumu na sabuni iliishia kwenye utando badala ya kwenye nyuzi.

*Mkeka unamomonyoka.* Nyuzi ni fupi mno au ulibana kidogo. Changanya theluthi moja ya nyuzi ndefu zilizobaki juu ya chekeche, bana kwa jiwe zito zaidi, na kushona usikuache.